Mambo ya Nyumbani: Akiba ya Nguo Huoza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa fedha iliyowekwa vema na kwa shamba lililotunzwa, bali kwa nguo si kweli hata kidogo. Katika nyumba nyingi liko sanduku chini ya kitanda, au gunia juu ya kabati, lililojaa vipande vilivyosalia baada ya kushona, madonge ya sufu ya rangi mbalimbali, leso zilizopasuka upande mmoja, suruali za bwana zilizokwisha magotini, na sare za shule za watoto waliokwisha kukua. Vitu hivyo huwekwa kwa nia njema, kwa kuwa kila mtu husema vitafaa siku moja. Lakini siku hiyo haiji, na panya hufika kwanza.

Panya hutafuta mahali laini pa kuzalia. Viluwiluwi vya nondo hula sufu, hata sweta ikainuliwa ikiwa na matundu kama chujio. Pamba hailiwi na nondo, lakini unyevu huitia kuvu, na madoa ya kuvu hayatoki kwa urahisi. Tena, kitambaa kilichokunjwa mahali pamoja kwa miaka mingi hudhoofika katika mkunjo, kikachanika mara kinapovutwa.

Na huku vitu hivyo vikiharibika, mwezi wa Juni hufika, baridi ikashuka Limuru, Nyeri na Kinangop, naye mwenye nyumba huenda dukani kuchukua blanketi kwa deni. Kumbe blanketi mbili au tatu zilikuwamo sandukuni mwake, ila hazijashonwa. Hiyo ndiyo hasara ya kweli: si vipande vile tu, bali fedha zinazotoka mfukoni kununua kitu ambacho nusu yake kimo nyumbani tayari.

SI JAMBO GENI

Wako watu wanaodhani kwamba kuunganisha vipande ni dalili ya umaskini, na kwamba mtu mwenye mshahara hapaswi kuonekana na viraka. Watu hao wamesahau habari ya leso yenyewe. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi, ambavyo Wareno waliviita kwa jina lililozaa neno leso, vikiwa bado havijakatwa kutoka jora. Wakakata vitambaa sita, wakaviunganisha vitatu kwa viwili, wakapata vazi moja pana. Baadaye wafanyabiashara waliona fahari ya vazi hilo, wakaanza kupiga chapa nguo nzima. Basi vazi ambalo leo hutolewa zawadi arusini lilianza kwa mshono wa vipande.

Wazungu nao hawakuona aibu shida ilipowabana. Nchini Uingereza nguo ziligawiwa kwa vyeti tangu tarehe 1 Juni 1941 hata mwezi wa Machi 1949. Katika mwaka wa kwanza mtu mzima alipewa vyeti 66, na hata sufu ya kufumia ilihitaji cheti. Mwaka 1943 serikali yao ilitoa kijitabu kilichofundisha watu kugeuza, kutia viraka na kufumua nguo kuukuu. Mama aliyetaka sweta ya mtoto alifumua ya baba.

Katika Kenya, vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952 vilifundisha kushona na kufuma pamoja na mapishi na usafi wa nyumba. Vilianzishwa chini ya serikali ya kikoloni, na siasa za Hali ya Hatari ziliviingilia sana. Hata hivyo ustadi wenyewe ulibaki mikononi mwa akina mama, ukapita kwa binti zao, na vitambaa vya kufumwa vinavyopamba viti vya sebuleni hata leo ni ushahidi wake. Wasusi wa vyondo wa Ukambani nao wamekuwa wakifumua sweta kuukuu ili kupata nyuzi za rangi za kusukia.

KUHESABU KWANZA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya kwanza, kabla ya mkasi kushikwa, ni kumwaga kila kitu juu ya mkeka mchana wenye jua na kuona kilichopo. Vitu vitengwe katika mafungu manne: vitambaa vya pamba, vitambaa vizito kama vile vya suruali na makoti, sufu na nyuzi za kufumia, na vile visivyojulikana. Kilichooza, kilichotobolewa kabisa, au chenye kuvu iliyokwisha kuingia ndani, kitupwe siku iyo hiyo bila huruma. Kipande kibovu kikishonwa kati ya vipande vizima huvunja kazi yote.

Kisha vipimwe. Vitambaa hupimwa kwa futi ya fundi, na sufu hupimwa kwa mizani. Yafaa kuandikwa katika daftari la mtoto wa shule: sufu nyekundu gramu 80, nyeupe gramu 150, kitambaa cha buluu yadi moja na nusu. Mwenye daftari hujua alicho nacho hata akiwa sokoni, wala hanunui mara ya pili kitu kilichomo sandukuni.

Na hapa pana mtego ambao huwanasa wengi. Mtu huona kipande kizuri cha kijani, akaenda dukani kununua yadi mbili za kitambaa cha kufanana nacho. Akiisha kushona, husaliwa na mabaki makubwa kuliko yale ya kwanza. Sanduku haliishi kwa njia hiyo, bali huongezeka. Kanuni iliyo bora ni kwamba kitu pekee kinachoruhusiwa kununuliwa ni uzi wa kushonea, kwa kuwa uzi mbovu hukatika na kupoteza kazi.

KUJUA AINA

Fungu la vile visivyojulikana hujaribiwa kwa moto. Nyuzi chache zichomolewe, zishikwe kwa kibano juu ya sahani ya bati, zikiwa mbali na vitambaa vingine, na ziwashwe kwa kibiriti. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni laini. Sufu huwaka polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na hubaki donge jeusi linalovunjika kwa vidole. Nailoni na nyuzi nyingi za kiwandani huyeyuka, na zikipoa huwa donge gumu lisilovunjika.

Jaribio hilo si mchezo. Katika jiko la kuni au makaa, cheche ikiruka juu ya nailoni, nguo huyeyuka na kuganda juu ya ngozi. Kwa hiyo kitambaa cha kushikia sufuria, aproni ya jikoni, na blanketi la mtoto anayelala karibu na moto vifanywe kwa pamba au sufu tupu. Vile vya kuyeyuka vitumiwe kwa mikoba, mapazia ya chumba cha kulala, na vifuniko vya mito ya viti.

Vitambaa vyote vya pamba vifuliwe kabla ya kukatwa, hata vile vipya, ili visije vikarudi baada ya kushonwa. Vyekundu na vya buluu iliyoiva vilowekwe peke yake, kisha vikandamizwe kwa kitambaa cheupe. Kama cheupe kimeshika rangi, vifuliwe tena mpaka viache.

MFARISHI WA VIRAKA

Kazi inayomaliza mabaki mengi kuliko zote ni mfarishi, yaani tandiko nene lenye matabaka matatu: uso wa vipande, kitu cha joto katikati, na mgongo wa kitambaa kimoja. Anayeanza aanze na wa mtoto, wenye urefu wa inchi 54 na upana wa inchi 36.

Kwanza hukatwa kiolezo cha karatasi ngumu ya boksi, inchi 6 na nusu kila upande. Vipande huchorwa kwa kipande kikavu cha sabuni na kukatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, wala si kwa mshazari, kwa kuwa kilichokatwa mshazari hunyumbuka na kupinda. Kila mshono huchukua robo inchi, basi kipande kikiisha kushonwa pande zote hubaki inchi 6 kamili. Vipande 6 kwa upana na 9 kwa urefu hufanya 54. Yadi moja ya kitambaa chenye upana wa inchi 36 hutoa vipande 25, na mgongo wa shati la mtu mzima ambalo kola yake imekwisha kwa kawaida hutoa vinane au zaidi. Mwenye mashati matatu makuukuu na mabaki ya yadi moja amekaribia kufika. Kwa kitanda cha mtu mzima, inchi 72 kwa 54, huhitajiwa vipande 108.

Vipande vipangwe juu ya mkeka kabla ya kushonwa, cheupe au kilichofifia kando ya cheusi au kilichokolea, ili hata mabaki yasiyofanana yaonekane kuwa na mpango. Jicho hutafuta mwanga na kivuli kabla ya kutafuta rangi. Vyepesi visichanganywe na vizito, maana kitambaa cha gauni kikishonwa kando ya kile cha suruali huchanika kwanza. Mabaki ya suruali na makoti yatengenezwe mfarishi wao peke yao, nao utakuwa na joto jingi.

Kila safu ya vipande 6 hushonwa kwanza, kisha hupigwa pasi. Mishono ya safu ya kwanza hulazwa kulia, ya pili kushoto, na kuendelea vivyo hivyo, ili zinapounganishwa mishono isipandane ikawa vinundu. Kwa tabaka la katikati, blanketi lililochakaa lafaa sana. Kwa mgongo, leso moja hutosha, kwa kuwa urefu wake ni yapata inchi 60 na upana wake hupita inchi 40.

Matabaka yote matatu hutandikwa, hunyoshwa, na kupigwa bandi kuanzia katikati kwenda pembeni. Asiye na cherehani hana haja ya kuhuzunika. Achukue uzi mnene wa pamba, apenyeze sindano chini na juu, na kufunga fundo mara mbili, kila baada ya inchi 4. Mafundo hayo hushika matabaka kwa miaka mingi. Mwisho, ukingo wa leso uliozidi hukunjwa mara mbili juu ya uso na kushonwa, nao huwa pindo.

Iko pia njia ya Wasidi, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi katika jimbo la Karnataka nchini India. Wanawake wao hutandika kitambaa kimoja kipana, mara nyingi sari kuukuu, kisha huanza kushona vipande kutoka pembeni, wakizunguka kuelekea katikati, kila kipande kikikunjwa ukingo na kushonwa kwa mishono midogo inayoonekana. Hawapimi kwa kiolezo wala hawakati vipande sawasawa. Katika kila pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita maua, na tandiko lisilo na maua hayo kwao halijakamilika. Njia hiyo yamfaa mwenye vipande vya kila umbo, kwa kuwa haipotezi hata ncha.

SUFU NA SWETA KUUKUU

Kabla ya kufumua sweta, iwe ya nyumbani au ya mtumba, mishono yake ya ndani itazamwe. Kama kingo zimefumwa mpaka mwisho na kushonwa tu pamoja, sweta itatoa uzi mrefu usiokatika. Lakini kama mashine imekata kingo na kuzizungushia uzi, kila mstari utatoka kipande kifupi, na kazi yote itakuwa bure. Wengi wamenunua sweta nzuri sokoni wakapata rundo la nyuzi za urefu wa mkono, kwa kuwa hawakugeuza nguo ndani nje.

Iliyo njema hutenganishwa mikono na mbavu, kisha kila sehemu hufumuliwa kuanzia juu, mahali vitanzi vilipofungwa. Uzi huzungushwa katika mgongo wa kiti, hufungwa mahali panne kwa uzi mwingine, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha hutundikwa ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo. Ukikauka, mikunjo yake imenyoka. Usipooshwa, vitanzi vipya vitakuwa vya ukubwa mbalimbali, na nguo itaonekana kama imefumwa na watu kumi.

Sufu isisuguliwe katika maji ya moto, maana itagandamana. Lakini hata hilo lina faida yake. Sweta ya sufu tupu iliyokwisha kugandamana hukatwa kama kitambaa wala haifumuki, nayo yafaa kwa ndara za nyumbani na kwa vishikio vya sufuria.

Mwenye madonge madogo mara nyingi huogopa kwamba uzi utakwisha katikati ya kazi. Dawa yake ni mraba wa kuanzia pembeni. Donge hupimwa kwanza. Mfumaji huanza na kitanzi kimoja, akiongeza kimoja katika kila mstari. Nusu ya uzito ikiisha kutumika, huanza kupunguza kimoja katika kila mstari mpaka arudi kwenye kimoja. Mraba hukamilika na donge limekwisha karibu lote. Kwa blanketi, madonge yagawanywe kwa uzito mmoja, na nyuzi ziwe za unene mmoja. Uzi mwembamba hufumwa mbili kwa pamoja ili ulingane na mnene.

Ncha mbili za sufu tupu huunganishwa bila fundo: huchambuliwa kidogo, hulazwa moja juu ya nyingine, huloweshwa, na kusuguliwa upesi kati ya viganja mpaka zishikane. Nailoni haikubali jambo hilo.

KAZI NA MALIPO YAKE

Haipasi kudanganya watu kwamba kila kipande kina thamani. Muda wa mama wa shamba ni mali, na mshumaa au taa ya usiku ina gharama. Kipande kilicho chini ya inchi 2 hula uzi na muda kuliko faida yake. Hicho kikatwekatwe na kuwa mjazo wa mto wa kiti. Vivyo hivyo haifai kufumua sweta kwa siku tatu ili kupata gramu 60 za uzi dhaifu. Ustadi wa kutumia mabaki ni pamoja na ustadi wa kuyaacha.

Tena ukubwa wa kazi ulingane na nguvu. Anayekusudia mfarishi wa kitanda kikubwa kwa mara ya kwanza mara nyingi huuacha nusu, nao hurudi sandukuni kuwa mabaki mapya. Mfarishi mdogo uliokwisha una joto kuliko mkubwa uliokatwa tu.

NGUO ZENYE JINA

Liko fungu moja ambalo mizani haiwezi kulipima, nalo ni la nguo za waliofariki. Watu wengi huziacha sandukuni kwa sababu hawawezi kuzitupa wala hawawezi kuzivaa. Huko nondo huzila polepole, na mwisho wake familia hukosa nguo na ukumbusho pia.

Katika jimbo la Alabama nchini Marekani kiko kijiji kiitwacho Gee's Bend, katika kona ya mto, ambako wazao wa Waafrika waliotumikishwa utumwani wamekuwa wakishona mifarishi kwa mabaki ya nguo za kazi. Mwaka 1942 mwanamke wa huko, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za shamba, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua, akazikata, akashona mfarishi ili amkumbuke na kujifunika kwa upendo wake. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa msichana wakati huo, alimsaidia, naye ndiye aliyesimulia habari hiyo baadaye. Katika mfarishi huo yaonekana mahali palipopauka na mahali palipohifadhiwa na mfuko.

Wanawake wa sehemu hiyo waliunda chama cha ushirika mwaka 1966, wakauza kazi zao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikachapa picha zake katika stempu za posta. Wajuzi wa sanaa walisimama mbele ya vitu vilivyoshonwa ili watoto wasilale kwa baridi, wakastaajabu.

Lakini Missouri Pettway hakungoja mjuzi yeyote. Alikuwa na nguo, sindano na huzuni, akafanya kitu cha kumfunika. Nyumba yenye shati la baba au leso ya bibi iliyofungiwa yaweza kufanya vivyo hivyo. Vipande vichache katikati ya mfarishi wa mjukuu hutosha, na mtoto akiuliza kile cha mistari kilikuwa cha nani, ataambiwa.

Mvua za masika zikiisha, kabla baridi ya Juni haijaingia, ndio wakati wa kuyafungua masanduku. Vinavyooza vitupwe, vinavyofaa vipimwe, na vile ambavyo mwenyewe hatavitumia mwaka huu apewe jirani mwenye sindano na asiye na kitambaa. Sanduku likiwa tupu, lioshwe na kuanikwa juani, kisha litiwe mahindi, vitabu, au kitu kingine kinachohitaji mahali.